Taa na Alama za Kuuliza

Msomaji, tuseme ni jioni, nawe umemtuma ndugu yako mdogo akafunge lango la zizi. Amekwenda mbio. Baadaye baba anakuuliza, "Je, lango limefungwa?" nawe unajibu, "Naam, baba, limefungwa." Jibu hilo ni la adabu, wala hukukusudia kusema uongo, lakini kwa hakika hujui kama lango limefungwa. Unalojua ni kwamba umetoa amri. Huenda mtoto amekuta komeo limekwama. Huenda amekutana na wenzake njiani akasahau alikotumwa. Kati ya amri na tendo pana nafasi, na katika nafasi hiyo ng'ombe wanaweza kutoka wote.

Nimeanza na zizi kwa kuwa habari ninayotaka kukusimulia ni ya mtambo mkubwa ambao watu wengi huuogopa hata kuutaja, na ningependa ujue tangu mwanzo kwamba kosa lililouharibu unaweza kulifahamu wewe, bila kuwa mhandisi.

Katika jimbo la Pennsylvania, mashariki ya Marekani, upo mto mpana uitwao Susquehanna, na katikati yake kipo kisiwa chembamba kiitwacho Three Mile Island. Kisiwa hicho kiko maili kama kumi kutoka Harrisburg, mji mkuu wa jimbo hilo. Hapo vilijengwa vinu viwili vya nyuklia vya kuzalisha umeme. Cha kwanza kilianza kazi mwaka wa 1974. Cha pili kilianza kuuza umeme tarehe 30 Desemba 1978, na hakikutimiza hata miezi mitatu.

Ili uifahamu habari vizuri, hapana budi ujue kidogo jinsi kinu cha namna ile kifanyavyo kazi. Ndani ya chungu kikubwa cha chuma kinene zimesimamishwa fimbo nyembamba, maelfu kwa maelfu, zilizojazwa vidonge vya urani. Chembe za urani zikipasuka hutoa joto. Maji hupitishwa kati ya fimbo hizo kuchukua joto lile, nayo huwekwa chini ya shinikizo kubwa mno ili yasichemke. Maji haya ya kwanza hayatoki nje. Hupita katika mabomba yaliyozungukwa na maji ya pili, yakayapa joto lake, na hayo ya pili ndiyo yanayogeuka mvuke na kuzungusha turbini. Wanaotaka kukizima kinu huteremsha fimbo nyingine zinazozuia mpasuko, na kwa muda wa sekunde chache kazi husimama. Walakini joto halisimami. Wewe umeona jiko la makaa: moto ukiisha kufa, makaa hukaa na joto la kuunguza mkono. Vivyo hivyo urani, ila makaa yake hukaa na moto kwa siku na wiki. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kwamba fimbo zisikose maji hata kidogo.

Tarehe 28 Machi 1979, saa kumi za alfajiri, pampu zinazopeleka maji ya pili zilisimama. Si jambo la ajabu; pampu husimama. Turbini ikajizima. Maji ya kwanza, kwa kukosa mahali pa kutua joto lake, yakazidi kupata moto, na shinikizo likapanda. Juu ya tangi moja palikuwa na valvu, yaani kilango cha kupunguzia shinikizo, nayo ikafunguka yenyewe kama ilivyotakiwa. Baada ya sekunde nane kinu chenyewe kikajizima. Kisha shinikizo likashuka, na amri ya umeme ikapelekwa kwa valvu: jifunge. Katika chumba cha waongozaji taa ndogo ya valvu hiyo ikazimika.

Valvu haikujifunga. Ilikwama wazi, na maji yaliyokuwa yakizilinda fimbo yakaendelea kumwagika humo kwa muda wa saa mbili na zaidi.

Sasa sikiliza vizuri habari ya taa ile. Hapo kwanza haikuwapo kabisa. Iliongezwa mwaka wa 1978, baada ya valvu hiyo hiyo kuleta matata siku moja. Waliofunga taa waliiunganisha na waya wa amri. Waya ukiwa na umeme, taa huwaka. Umeme ukikatwa, na hiyo ndiyo ishara ya kuiambia valvu ijifunge, taa huzimika. Haikuunganishwa na valvu yenyewe. Basi taa ilipozimika ilikuwa ikisema, "Nimemtuma mtoto akafunge lango." Watu wanne waliokuwa zamu waliisikia ikisema, "Lango limefungwa."

Usiwadharau watu hao wanne. Walikuwa wamepasi mitihani yao, na kabla ya kuajiriwa pale walitumikia mitambo ya nyuklia katika jeshi la majini la nchi yao. Katika dakika chache za mwanzo kengele na taa za hatari zaidi ya mia moja ziliamka kwa pamoja, za jambo kubwa na za jambo dogo, zote kwa sauti moja na mwanga mmoja. Hebu fikiri darasa lenye wanafunzi mia moja, kila mmoja anapiga kelele akimwita mwalimu, mmoja kwa sababu nyumba inaungua na wengine kwa sababu kalamu zimeanguka. Mmoja wa waongozaji aliwaambia wachunguzi baadaye kwamba alitamani kuutupilia mbali ubao ule wote wa taa, kwa kuwa haukuwa ukimpa habari yoyote ya maana.

Tena pampu za akiba zilipoanza kufanya kazi, maji yake hayakufika popote, kwa sababu valvu mbili za njia yake zilikuwa zimeachwa zimefungwa. Zilikuwapo taa mbili za kuonyesha jambo hilo. Moja ilifunikwa na karatasi ya mafundi iliyoning'inizwa juu yake. Ya pili ilikuwa wazi, lakini hakuna aliyeiona. Zilipita dakika nane kabla ya kosa hilo kugunduliwa.

Kubwa kuliko hayo lilikuwa jambo la kipimo cha maji. Palikuwa hapana chombo hata kimoja kilichoonyesha moja kwa moja kama maji yamezifunika fimbo za urani. Waongozaji walitazama kimo cha maji katika tangi la pembeni, lile lenye valvu, wakakisia kwamba tangi likiwa na maji mengi, chungu nacho kina maji ya kutosha. Siku zote ilikuwa hivyo. Lakini siku ile, kwa kuwa valvu ilikuwa wazi juu ya tangi, maji yalivutwa kwenda huko pamoja na mvuke, na kipimo kikapanda ilhali chungu kinakauka. Walikuwa wamefundishwa kwa mkazo wasiliache tangi hilo lijae pomoni. Basi waliposikia pampu za dharura zimeanza zenyewe kusukuma maji katika kinu, walizipunguza nguvu. Mashine ilikuwa ikijaribu kukiokoa kinu, na watu wema, kwa nia njema, wakaizuia mkono.

Kompyuta nayo ilikuwapo. Ilichapa kila kengele katika karatasi, mstari mmoja baada ya mwingine. Ila kengele zilikuwa nyingi kuliko mwendo wa mashine ya kuchapa, hata ikafika saa ambapo karatasi ilikuwa ikieleza mambo yaliyopita zaidi ya saa mbili zilizotangulia. Kompyuta hiyo pia iliweza kusoma joto lililokuwa juu ya fimbo. Waliotunga programu yake waliiwekea mpaka: joto likivuka nyuzi 700 za Farenhaiti, yaani yapata nyuzi 371 za Selsiasi, isichape tarakimu. Ichape alama za kuuliza.

Na ndivyo ilivyofanya. Waongozaji walipouliza, "Kuna joto gani kiini cha kinu?" walijibiwa kwa alama za kuuliza, moja baada ya nyingine. Msomaji, mimi nimesoma habari nyingi za mitambo iliyoharibika, lakini sikumbuki nyingine iliyonihuzunisha kama hii. Chombo kilijua. Waya za kupimia zilikuwa nzima, na umeme uliopita ndani yake ulibeba jibu. Hata mafundi wawili watatu walipoteremka asubuhi ile na kipimo cha mkono wakazipima waya zenyewe, walipata baadhi yake zinasema zaidi ya nyuzi 2,000 za Farenhaiti. Lakini nyingine zilisema joto dogo, na mkubwa wao hakuamini. Akaona kwamba vipimo hivyo havitegemeki. Mtu akiisha kuzoea kuambiwa alama za kuuliza, hata akiletewa tarakimu huitilia shaka.

Yapata saa kumi na mbili na dakika 22 asubuhi, mtu mmoja aliyeingia kusaidia, ambaye akili yake haikuwa imechoshwa na kelele za usiku, aliishuku valvu ile. Ikafungwa valvu nyingine iliyo katika bomba lile lile, na maji yakaacha kutoka. Lakini wakati huo sehemu ya juu ya fimbo ilikuwa imekwisha kuachwa wazi bila maji, na uharibifu ulikuwa umeanza.

Sitakueleza kila saa ya siku zilizofuata. Kampuni ilisema hivi, serikali ya jimbo ikasema vile, na wataalamu wa Washington wakasema lao. Siku ya Ijumaa, tarehe 30 Machi, Gavana Richard Thornburgh alishauri wanawake wenye mimba na watoto wadogo wasiofikia umri wa shule waliokaa ndani ya maili tano waondoke. Wengine hawakungoja kuambiwa. Watu wapatao 140,000 walifunga milango ya nyumba zao wakaenda zao. Ikavuma kwamba ndani ya chungu limekusanyika povu kubwa la gesi ya hidrojeni, na kwamba huenda likalipuka. Siku mbili baadaye ikadhihirika kwamba halikuwa na oksijeni ya kuliwezesha kulipuka. Wastani wa mionzi waliyopata watu wa eneo lile, kwa hesabu ya serikali, ulikuwa mdogo kuliko ule apatao mtu anayepigwa picha moja ya kifua hospitalini. Lakini mwanamke aliyembeba mtoto mchanga usiku wa Ijumaa ile, akingoja zamu yake ya petroli barabarani, angeijuaje hesabu hiyo? Tume iliyochunguza baadaye ilisema kwamba madhara makubwa ya afya yaliyotokea ni yale ya moyo na akili: hofu na wasiwasi. Nami sioni kwamba hayo ni madogo.

Kinu kilitulia, lakini kilikuwa kimekufa. Julai 1980 ndipo watu wawili wa kwanza walipoingia katika jengo lake, wamevaa mavazi mazito, wakakaa dakika chache wakatoka. Julai 1982 kamera ndogo iliteremshwa ndani ya chungu. Mahali palipopaswa kusimama fimbo palionekana patupu, na chini yake kifusi. Miaka sita baada ya ajali, kamera nyingine zilipofika chini kabisa, ilibainika kwamba urani iliyoyeyuka ilitiririka mpaka kitako cha chungu. Karibu nusu ya kiini chote kilikuwa kimeyeyuka. Chuma cha chungu kilistahimili. Yapata tani mia moja za vifusi hivyo zilitolewa kidogo kidogo kwa vyombo virefu, na watu waliosimama juu ya maji, zikapelekwa kwa garimoshi hadi jimbo la Idaho. Kazi ya kusafisha ilikwisha mwaka wa 1993, na gharama yake ilikaribia dola bilioni moja.

Hapa nakuomba uniruhusu niache kisiwa kwa muda, nikueleze habari za mtu.

Wiki mbili baada ya ajali, tarehe 11 Aprili 1979, Rais Jimmy Carter aliunda tume ya watu kumi na wawili kuchunguza yaliyotokea. Mwenyekiti wake alikuwa John Kemeny, mkuu wa Chuo cha Dartmouth katika jimbo la New Hampshire. Kemeny alizaliwa Budapest, katika nchi ya Hungaria, mwaka wa 1926. Jamaa yake walikuwa Wayahudi, na mwaka wa 1940 alifika Marekani pamoja na wazazi wake wakikimbia hatari iliyokuwa ikiikaribia nchi yao. Babu yake alikataa kuhama, naye akafa katika maangamizi yaliyofuata. Akiwa kijana wa miaka kumi na minane au kumi na tisa Kemeny alichukuliwa kufanya hesabu huko Los Alamos, mahali ilipotengenezwa bomu ya kwanza ya atomiki. Baada ya vita alirudi Princeton kumaliza masomo, na kwa muda wa mwaka mmoja alimsaidia Albert Einstein katika hesabu zake. Basi huyu hakuwa mgeni wa mambo ya atomu. Lakini sababu inayonifanya nimtaje kwa urefu ni nyingine.

Katika miaka ya mwanzo ya sitini kompyuta zilikuwa chache, ghali, na zenye makao kama ya wafalme. Aliyetaka kuitumia kompyuta aliandika maagizo yake katika kadi zilizotobolewa, akazikabidhi kwa mtumishi, akaenda kungoja. Mwenzake Kemeny, mwalimu wa hesabu aitwaye Thomas Kurtz, kila baada ya wiki mbili alipanda gari la moshi na sanduku la kadi kwenda hadi karibu na Boston, kwa kuwa chuo chao hakikuwa na kompyuta ya kufaa. Ukikosea alama moja katika kadi moja, kazi yote hukataliwa, nawe hujui mpaka urudi. Lugha za kuiamrisha kompyuta nazo zilikuwa za wataalamu. Kemeny na Kurtz waliona si haki kwamba chombo chenye nguvu kiasi kile kiwe cha watu wachache. Walitaka kila mwanafunzi wa chuo, hata yule wa historia au mashairi, aweze kuketi mbele ya kompyuta na kuzungumza nayo.

Basi wakatunga lugha. Waliiita BASIC. Maagizo yake yalikuwa maneno ya Kiingereza cha kila siku, kama LET, PRINT na END, na hayakuzidi kumi na tano hivi. Wanafunzi wao ndio waliojenga mtambo wa kuiwezesha kompyuta moja kuwahudumia watu wengi kwa wakati mmoja. Programu ya kwanza ilifanya kazi tarehe 1 Mei 1964, saa kumi za alfajiri. Ndiyo saa ile ile ambayo pampu za kisiwani zingesimama miaka kumi na mitano baadaye.

Katika kuitunga lugha hiyo walijiwekea kanuni nane, nami nitakutajia moja tu. Walisema kwamba mtu akikosea, kompyuta impe ujumbe ulio wazi na wa kirafiki, amwonyeshe kosa lake ni nini. Kwako wewe huenda kanuni hiyo ikaonekana ndogo, kama kumwambia mpishi asisahau chumvi. Sasa itie karibu na kile chumba cha Three Mile Island. Mtu aliyeamini kwamba kijana wa miaka kumi na minane, anayejaribu kujumlisha namba mbili, anastahili kujibiwa kwa maneno yanayoeleweka, ndiye aliyetumwa kuchunguza mtambo ambao, ulipoulizwa swali zito kuliko yote, ulijibu kwa alama za kuuliza.

Tume ilifanya kazi kwa miezi sita, ikachukua ushahidi wa kiapo wa watu zaidi ya 150. Palikuwa na wanasayansi katika tume, na gavana wa jimbo jingine, na mama mmoja mwenye nyumba karibu na kisiwa. Watu wengi walitazamia isemwe kwamba valvu ilikuwa mbovu, au kwamba waongozaji walikuwa wazembe, kisha habari iishe. Tume haikukubali. Ilisema kwamba vyombo kwa jumla vilikuwa vizuri kiasi cha kutosha, na kwamba waongozaji walikosea kweli. Lakini ikauliza kwa nini walikosea, na swali hilo likaipeleka mbali: kwenye mafunzo yaliyokuwa haba, kwenye maandishi ya maagizo yaliyowachanganya watu, kwenye chumba kilichopangwa bila kumfikiria atakayekaa ndani yake siku ya dhiki, na kwenye ofisi ya serikali yenye kazi ya kusimamia vinu, ambayo ilikuwa imezoea kuamini kwamba vinu ni salama. Kemeny aliona kwamba imani hiyo yenyewe ndiyo hatari.

Jambo moja katika uchunguzi huo lilikuwa chungu kupita mengine. Tarehe 24 Septemba 1977, katika kinu kingine kiitwacho Davis-Besse, huko Ohio, kilichoundwa na kampuni ile ile, valvu ya namna ile ile ilikwama wazi. Waongozaji wa huko nao walidanganywa na kimo cha tangi, nao wakapunguza maji. Bahati yao, kinu kilikuwa kikifanya kazi kwa nguvu ndogo sana, na mtu aliitambua valvu baada ya dakika ishirini hivi. Mhandisi mmoja wa kampuni iliyounda vinu hivyo aliona maana yake. Mwezi wa Februari 1978 aliandika barua ndani ya kampuni akionya kwamba jambo hilo likitokea katika kinu chenye nguvu kamili, kiini kinaweza kuharibika, na akapendekeza maneno mapya ya kuwaagiza waongozaji. Barua ilitoka meza hii ikaenda meza ile. Idara moja ilikuwa na maswali kuhusu pendekezo hilo, nyingine ikadhani kwamba maswali yamejibiwa. Waongozaji wa Three Mile Island hawakuipata kamwe. Hapa tena amri ilikuwa imetolewa, na kila mmoja akadhani lango limefungwa.

Taarifa ilipelekwa kwa Rais mwishoni mwa Oktoba 1979. Mengi yaliyopendekezwa yalitekelezwa. Makampuni ya umeme yaliunda chama cha kukaguana wenyewe kwa wenyewe kabla ya mwaka kwisha. Vyumba vya waongozaji vilipangwa upya, na zikajengwa nakala zake ambamo waongozaji hufanya mazoezi ya ajali. Mengine hayakufuatwa. Tume ilitaka ile ofisi ya wasimamizi watano ivunjwe na pawe na mkuu mmoja mwenye kuulizwa; ofisi ikabaki na watano wake.

Kemeny alirudi chuoni, na mwaka wa 1981 akaacha ukuu, akawa mwalimu tena. Hapo ndipo alipokutana na masikitiko ya namna nyingine. Lugha yake ilikuwa imeenea ulimwenguni kuliko alivyoota, kwa kuwa kompyuta ndogo za nyumbani karibu zote ziliitumia. Lakini alipoitazama hakuitambua. Kompyuta za kwanza za namna hiyo zilikuwa na nafasi ndogo mno ya kumbukumbu, na waliotaka kuisindika BASIC ndani yake waliikata mikono na miguu. Mwaka wa 1975 yalitokea matoleo ambamo mtu akikosea alijibiwa kwa herufi mbili tu, na kazi yake ni kufungua kitabu atafute maana yake. Kila kampuni ilikuwa na lahaja yake, hata programu ya kompyuta moja ikawa haisikiki katika nyingine. Tena desturi ya agizo la GOTO, linaloiambia kompyuta iruke mpaka mstari fulani, ilizidi kuota mizizi. Fikiri kitabu kinachokuambia, "Sasa soma ukurasa wa 80," na huko kinakuambia, "Rudi ukurasa wa 12": ndivyo zilivyokuwa programu nyingi. Mwaka wa 1975 mtaalamu mashuhuri wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, aliandika kwa ukali kwamba wanafunzi walioanza na BASIC hawafundishiki tena programu njema.

Kwa kweli lawama nyingine iliwafikia wenyewe watungaji, maana GOTO waliiweka wao mwaka wa 1964. Lakini chuoni kwao walikuwa wameirekebisha lugha mwaka hadi mwaka, na wanafunzi wao walikuwa hawaihitaji tena. Habari hizo hazikuwafikia waliokuwa wakiuza kompyuta sokoni. Kemeny na Kurtz waliziita lugha hizo za sokoni BASIC ya mitaani. Mwaka wa 1983 walianzisha kampuni kuuza lugha waliyoiita BASIC ya kweli, na mwaka wa 1985 wakatoa kitabu wakiwaomba watu warudi kwenye ile ya asili. Kurtz alikuwa ameongoza kwa miaka mingi kamati ya kuweka kipimo kimoja cha lugha hiyo. Kamati ilipomaliza, mwaka wa 1987, soko lilikuwa limekwisha kuchagua. Mtunzi wa lugha hana mamlaka juu ya vinywa vya watu.

Kemeny alifariki tarehe 26 Desemba 1992. Wakati huo kazi ya mwisho kisiwani ilikuwa ikiendelea: zaidi ya galoni milioni mbili za maji yenye mionzi yalikuwa yakigeuzwa mvuke kidogo kidogo, na yalikwisha mwaka uliofuata.

Kinu cha pili hakikuwashwa tena. Kile cha kwanza, ambacho hakikuwa na dosari, kilizuiwa mpaka Oktoba 1985, kisha kikatoa umeme mpaka Septemba 2019, kilipofungwa kwa sababu hakileti faida. Septemba 2024 wenyewe walitangaza kwamba watakifufua, na kwamba umeme wake wa miaka ishirini umekwisha kupata mnunuzi mmoja, anayeuhitaji kwa ajili ya majumba ya kompyuta. Mnunuzi huyo ni kampuni ya Microsoft, ambayo bidhaa yake ya kwanza, mwaka wa 1975, ilikuwa BASIC ya kompyuta ndogo, ile ya kumjibu mkosaji kwa herufi mbili.